Jicho la Kushoto

Katika ukoo wetu kuna picha moja tu ya babu. Ni picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja cha mtoto, iliyopigwa studio Singida mjini. Nyuma yake mtu ameandika kwa penseli 1977, mwaka ule TANU na ASP zilipoungana ikazaliwa CCM. Babu amekaa kwenye kiti, kofia ameipakata magotini, na nyuma yake kuna pazia lenye mikunjo. Picha hiyo ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo na karatasi za shamba, katika nyumba ambayo paa lake lilikuwa linavuja. Maji yalipita upande mmoja. Sikio la kushoto limekwenda, jicho la kushoto limekwenda, na shavu lote la upande huo limekuwa doa la kahawia lenye kingo zilizopindapinda kama ziwa kwenye ramani. Upande wa kulia umesalimika kiasi kwamba unaweza kuhesabu mistari ya paji la uso.

Mwaka 2025, baada ya mavuno ya alizeti, ukoo ulikubaliana kumjengea babu kaburi lake pale Mtinko. Baba mdogo alitaka picha ichapwe kwenye marumaru na kubandikwa juu ya kaburi, kama yanavyofanywa makaburi mengi siku hizi. Kazi ya kuiandaa nikapewa mimi, kwa hoja kwamba mimi ndiye mtu wa kompyuta, ingawa ninachosomea shahada ya uzamili ni historia. Nikapewa wiki tatu. Nilidhani ni kazi ya kuchagua programu tu. Lakini kila programu niliyoifungua iliniuliza, kwa namna yake, swali ambalo sikuwa nimejiuliza: unataka kurekebisha picha ya babu, au unataka kumchora babu?

Sikuwa na Photoshop. Programu hiyo ilitoka mwaka 1990, na kwa miaka mingi mtu aliweza kuinunua mara moja ikawa yake. Tangu 2013 kampuni yake iliingia kwenye utaratibu wa malipo ya kila mwezi au kila mwaka, na kompyuta inatakiwa iingie mtandaoni kila baada ya muda ili ithibitishe kwamba umelipa. Kwa mtu wa ofisini aliyeko mjini huenda hesabu hiyo inalipa. Kwa mtu aliyeko Mtinko, anayenunua bando la siku na mwenye picha moja ya kurekebisha, ni sawa na kukodi trekta mwezi mzima ili upande tuta moja la vitunguu. Ndiyo maana vijana wengi wanaotengeneza kadi za harusi na mabango ya misiba wanatumia nakala zilizochakachuliwa, zinazotembea kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, na virusi vyake vikiwa humo humo. Siwalaumu. Ila mimi sikutaka uso wa babu upitie huko, hasa kwa vile kulikuwa na njia nyingine.

Njia hiyo ina jina ambalo Kiswahili kimelitendea vizuri kuliko Kiingereza. Wenzetu wana neno moja linalobeba maana ya bure na ya huru kwa pamoja, na tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, watetezi wa programu hizi wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tunayo maneno mawili tofauti. Kisha tunalo la tatu, huria, tulilolizoea kwenye soko huria, ambalo wataalamu wa kompyuta wamelichukua wakasema programu huria. Shida yetu ni nyingine: neno bure lenyewe halina heshima. Kazi bure ni kazi iliyopotea. Mtu akiambiwa yeye ni bure kabisa, hajasifiwa. Nilipomwambia baba mdogo kwamba programu nitakayoitumia hailipiwi, alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Ya bure? Kwa kaburi la baba?"

Nikamweleza kwamba kutolipiwa ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Leseni ya programu hizi inaniruhusu kuzitumia kwa kazi yoyote, kufungua ndani nikaona zilivyotengenezwa, kuzibadilisha nikiweza, na kumpa mwenzangu nakala bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nakala niliyoibeba kwenye flashi kutoka Dodoma hadi Mtinko ni halali kama ile iliyoko kwenye mtandao wao. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Sasa hao wanaotengeneza wanakula nini?" Ni swali la haki. Wengi wao wanajitolea, wengine wanalipwa kwa michango ya watumiaji. Krita ina mfuko wake Uholanzi unaopokea michango na kuwalipa baadhi ya watengenezaji. Akatikisa kichwa. "Kama kanisa," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Nilianza na GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na watu wa nje wakaanza kuitumia mwaka uliofuata. Kwa kuwa vifaa walivyokuwa navyo vya kutengenezea vitufe na madirisha ya programu havikuwaridhisha, wakatengeneza vyao. Vifaa hivyo, vinavyoitwa GTK, vilikuja kutumika kujenga GNOME, mazingira ambayo watu wengi sana wanaotumia Linux huyaona wakiwasha kompyuta zao. Hadithi hiyo huwa inanipa moyo ninapokata tamaa na tasnifu yangu. Kazi ya wanafunzi wawili imeishi miaka 30, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, miezi michache tu kabla ya kaburi letu.

Nguvu ya GIMP ni kuifanyia kazi picha ambayo tayari ipo. Niliiskani picha ya babu mjini kwa ubora mkubwa, nikaifungua, na kwa siku mbili nilifanya kazi ambayo kila fundi wa picha anaijua. Kwanza mwanga: unavuta mkunjo wa kwenye grafu, na weusi uliofifia unarudi kuwa weusi. Kisha mikwaruzo. Kuna kifaa cha kunakili, chenye alama ya muhuri, kinachochukua kipande cha picha kutoka mahali pazima na kukigonga mahali palipoharibika. Na kuna ndugu yake wa kuponya, mwenye alama ya plasta mbili zilizopishana, ambaye hachukui kipande kilivyo: anachukua vinyweleo na chembechembe za mahali pazima, kisha anavilinganisha na mwanga wa mahali vinapokwenda. Mstari uliokatiza kofia ya babu ulipona kwa dakika tano. Pazia lilipona kwa nusu saa. Kola ya shati ilirudi mpaka nikaona kwamba kifungo cha juu kilikuwa hakijafungwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kwa madoa makubwa kuna programu jalizi iitwayo Resynthesizer, iliyotokana na utafiti wa shahada ya uzamivu wa Paul Harrison wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Unaonyesha eneo lililoharibika, nayo inatazama mazingira yake na kulijaza kwa kitu kinachofanana nayo. Ilikuwa inafanya hivyo kabla Photoshop haijaleta ujazaji wa aina hiyo mwaka 2010. Kwenye ukuta, nyasi au pazia, inafanya kazi nzuri ajabu. Ukiielekeza kwenye uso uliofutika, inajaza ngozi. Babu akawa na shavu laini lisilo na kitu, kama mlango uliozibwa kwa tofali.

Uso hauponi kwa kuazima ngozi ya jirani. Kwa hiyo mafundi wana njia yao: uso wa binadamu una pande mbili, basi chukua jicho zima la kulia, ligeuze kama kwenye kioo, lihamishie kushoto, ulainishe mpaka. Nilitengeneza picha ya namna hiyo nikaihifadhi. Binamu yangu naye, katika muda huo huo, alikuwa amepiga picha ile ya zamani kwa simu na kuipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayodai kufufua picha za kale. Baada ya sekunde chache ilimrudishia mzee mzuri, mwenye macho mawili yanayong'aa, ngozi kama ya mtangazaji wa televisheni, na hata rangi ya shati. Kwenye kundi la ukoo ilipata mioyo mingi kuliko yangu.

Nikazibeba zote mbili kwa makusudi, pamoja na picha yenyewe, nikaenda kwa shangazi. Kati ya watoto wa babu, yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na ndiye pekee aliyeishi naye mpaka siku ya mwisho. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo shangazi huniita baba. Nilimwamkia, tukaongea kwanza habari za mtama na za magoti yake, kisha nikafungua kompyuta.

Ile ya binamu aliitazama kwa muda mfupi. "Huyu ni nani?" akauliza. Hakuwa anatania.

Ile yangu aliitazama kwa muda mrefu. Akaniambia niisogeze. Akaziba kwa kiganja upande wa kushoto wa uso, akatazama, kisha akaziba upande wa kulia. "Huku ni baba," akasema. "Huku si yeye. Jicho hili hakuwa nalo."

Ndipo akanieleza jambo ambalo baba yangu hakuwahi kunisimulia, labda kwa sababu alizaliwa akalikuta hivyo na hakuona kama ni habari. Babu alipokuwa kijana anachunga, mwiba wa mgunga ulimchoma kwenye kope ya kushoto. Jicho halikupofuka, lakini kope iliteremka na haikurudi tena. Alikuwa akimtazama mtu, alilazimika kuinua kidevu kidogo ili aone vizuri kwa upande huo, na wageni walidhani ni mwenye majivuno. Nikairudia picha ya 1977. Kidevu kimeinuliwa. Nimeitazama picha hiyo tangu utotoni nikiamini kwamba mpiga picha ndiye aliyemwambia ainue kichwa.

Ninalifikiria sana jambo hili kama mwanafunzi wa historia. Katika ile picha ya kunakili jicho, hakukuwa na nukta hata moja ya kubuni. Kila chembe ilitoka kwenye picha halisi ya mtu halisi, na jumla yake ikawa uso ambao haukuwahi kuwepo duniani. Tumezoea kufikiri kwamba kurekebisha ni ukweli na kuchora ni ubunifu. Lakini njia ya kioo ina dhana ndani yake, kwamba pande mbili za mtu zinafanana, na dhana hiyo inaondoa hasa kile ambacho maisha yamemwandika mtu. Njia ya akili mnemba ina dhana kubwa zaidi: kwamba babu alifanana na wastani wa wazee wengine waliowahi kupigwa picha.

Kuna Mwitaliano mmoja ambaye swali hili lilimshughulisha kabla ya kompyuta. Cesare Brandi alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya serikali ya ukarabati wa sanaa iliyoanzishwa Roma mwaka 1939. Vita vilipoacha michoro ya kanisani ikiwa imevunjika vipande vipande, mafundi wa hapo walitumia njia ya kujaza mapengo kwa mistari myembamba ya wima, mmoja kando ya mwingine. Ukisimama mbali, mchoro unaonekana mzima. Ukisogea, unaona wazi ni wapi mkono wa zamani umeishia na wa leo umeanzia. Kanuni zake ni nyepesi kuzikumbuka: unachoongeza kionekane kuwa kimeongezwa, na kiweze kuondolewa bila kuumiza cha asili. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa ajili ya mtihani. Sikutarajia kulihitaji Mtinko.

Kwa hiyo nikafungua Krita. Nayo ina historia ya ugomvi mdogo. Mwaka 1998 Mjerumani Matthias Ettrich, mwanzilishi wa KDE, aliwaonyesha watu jinsi GIMP inavyoweza kuvishwa sura nyingine, iliyojengwa kwa vifaa vya upande wake. Wenye GIMP hawakufurahi, na upande wa KDE ukaanza kutengeneza programu yao wenyewe mwaka uliofuata. Ilibadilisha jina mara kadhaa kabla ya kutua kwenye Krita, neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Ilitoka rasmi mara ya kwanza mwaka 2005, ikiwa bado inashindana na GIMP kwenye kila kitu. Baadaye, kama miaka minne mbele, watengenezaji wake wakaamua kuacha kushindana. Wakasema hii itakuwa programu ya mtu anayechora kuanzia kwenye karatasi nyeupe. Tofauti unaihisi ukigusa tu. GIMP ina brashi, lakini brashi ni kifaa kimoja kati ya vingi. Kwa Krita, brashi ndiyo nyumba yenyewe: zipo za penseli, za makaa, za wino, za rangi mbichi inayochanganyika na iliyo chini yake, na kuna kitulizi kinachonyoosha mstari wa mkono unaotetemeka.

Krita inakula kumbukumbu. Kompyuta yangu ina gigabaiti nne tu, na kwa picha kubwa ilikuwa inafikiri kwanza kabla ya kuonyesha mstari niliokwisha kuuchora. Ningeshindwa kabisa, ningekwenda kwenye MyPaint, ambayo ni nyepesi, haina mambo mengi, na karatasi yake haina mwisho: unachora mpaka unapochoka. Uzuri ni kwamba injini ya brashi za MyPaint imechukuliwa na kuingizwa ndani ya GIMP na ndani ya Krita pia. Programu huria hukopeshana kama majirani wanavyokopeshana chumvi, na hakuna anayepeleka kesi mahakamani. Nilichofanya mimi ni kukata eneo la uso peke yake, nikafanyia kazi kipande hicho, na kompyuta ikapumua.

Tulifanya kazi na shangazi alasiri mbili. Nilikuwa nimeazima kibao cha kuchorea chenye kalamu kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu. Tulikaa upande wa nyumba usiopigwa na upepo, maana Julai upepo wa Singida hauna adabu, na betri ilipokaribia kuisha tulichomeka kwenye sola ya kaka yangu. Nilifungua tabaka jipya juu ya picha. Darasani kwetu matabaka ni ya wenye mali na wasio na mali. Hapa tabaka ni kama kioo kinacholazwa juu ya picha: unachora juu ya kioo, na picha iliyo chini haiguswi. Nikachagua kalamu nyembamba, nikaanza kujenga jicho kwa mistari ya wima.

"Teremsha," shangazi alikuwa akisema. "Teremsha tena. Hapana, umemfanya amelala. Alikuwa haonekani amelala, alikuwa anaonekana anapima." Nikapandisha kidogo. "Baba, umempa kope za mwanamke." Nikazipunguza. Kuna wakati alifumba macho yake mwenyewe na kukaa kimya, nami nikanyanyua kalamu. Alipofumbua alisema kwamba chini ya jicho kulikuwa na kovu dogo, si refu, linaloelekea sikioni, na kwamba lilikuwa linakuwa jeusi zaidi wakati wa baridi. Nikalichora. Akaniambia nilifupishe. Nikalifupisha. Hapo alinyoosha mkono akagusa skrini kwa kidole cha shahada, mahali pale pale, na hakusema kitu. Nilibonyeza hifadhi.

Kikao cha ukoo hakikuwa chepesi. Nilionyesha picha tatu: ya akili mnemba, ya jicho la kioo, na ya mistari. Vijana waliipenda ya kwanza. Baba mdogo aliipenda ya pili kwa sababu ni safi. Ya tatu ilimsumbua: kwa nini tupeleke kaburini picha inayoonekana imechorwachorwa? Nikaiweka kwenye ukubwa halisi wa marumaru na kuwaomba wasogee nyuma hatua nne. Mistari ikapotea, babu akabaki, kidevu juu, kope ya kushoto chini. Mzee mmoja wa jirani aliyekuwa amekaribishwa, ambaye alichunga naye, aliachia kicheko kifupi na kulitaja jina la babu la utani. Baba mdogo alikaa akiitazama. Yeye ni kitinda mimba, babu alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Alisema polepole kwamba alikuwa amesahau jicho lile, na kwamba miaka yote hii amekuwa akimkumbuka baba yake kwa upande mmoja. Tukachapa ya mistari.

Tangu hapo vijana wa kijijini wananiuliza wachukue programu ipi, na jibu langu ni kwamba waanze na kazi, si na programu. Kama una picha iliyopo, ya harusi, ya ng'ombe wa mnadani, ya kitambulisho, na unataka mwanga, ukataji, usafishaji, chukua GIMP. Kama unaanza na ukurasa mtupu, kitabu cha watoto, katuni, sanamu ya mtu asiye na picha, chukua Krita. Krita ina hali ya kuzungusha karatasi, ambapo mstari unaotokea kulia unaingia kushoto, na kwa mtu anayebuni michoro ya vitenge hiyo ni zawadi. Pia inakuruhusu kufanya kazi moja kwa moja katika rangi nne za wachapaji, jambo ambalo GIMP imelisogelea taratibu. Kama unatengeneza lebo ya chupa za mafuta ya alizeti, usichukue hata moja kati ya hizo, chukua Inkscape, kwa sababu mistari yake ni ya hesabu na haiharibiki ukiikuza kutoka chupa ya nusu lita hadi bango la barabarani. Na kama kompyuta yako ni dhaifu, MyPaint haitakudharau.

Zote zina pengo moja kwetu. Nilipotafuta Kiswahili kwenye orodha za lugha zake sikukiona. Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2004, mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu ile ile: leseni haikuwalazimu kuomba ruhusa. Uhuru huo bado upo, unangoja mikono. Nimeanza kuandika daftari la maneno ninayoyatumia ninapowafundisha vijana, tabaka, muhuri, kuponya, mkunjo wa mwanga, na ninaona kwamba wanaelewa haraka kuliko nikiwatajia majina ya Kiingereza.

Faili la babu nililihifadhi katika muundo uitwao OpenRaster. Ni kama bahasha: ndani yake kuna kila tabaka kama picha ya kawaida, na karatasi ya maelezo inayosema lipi liko juu ya lipi. GIMP inaifungua, Krita inaifungua, MyPaint inaifungua, na hata kama zote tatu zitakufa, mtu mwenye subira ataifungua bahasha kwa programu yoyote ya kufungua mafaili yaliyobanwa na kutoa tabaka moja moja. Nimewapa nakala binamu zangu wote kwa flashi. Tabaka la chini ni picha ya 1977 kama ilivyoskaniwa, na doa lake. La kati ni usafi wa GIMP. La juu nimeliita "Jicho, kwa maneno ya shangazi, Julai 2025". Mjukuu atakayekuja na ushahidi mwingine, picha nyingine iliyosahaulika kwenye sanduku la mtu, anaweza kulizima tabaka langu kwa kubonyeza mara moja. Nataka aweze kufanya hivyo.

Kazi iliyobaki ni kubwa zaidi. Bibi, mke wa babu, hakuwahi kupigwa picha hata moja. Kaburi lake liko kando ya la babu, na marumaru yake ina jina na miaka tu. Kwake yeye GIMP haina la kufanya, hakuna cha kuponya. Kuna karatasi nyeupe ya Krita na kuna shangazi, ambaye mwaka huu magoti yamezidi kumsumbua na majina ya watu yameanza kumponyoka. Wiki iliyopita alinipigia simu asubuhi, kabla hata sijamwamkia, akasema amekumbuka namna mama yake alivyokuwa akifunga kilemba, fundo likikaa juu ya sikio la kulia. Akaniambia niandike asije akasahau. Nimeandika, na Ijumaa nashika basi la Singida.